Harufu ya Binti Lami

Siku hiyo Binti Lami alikuwa amekata shauri kurudisha pete ya uchumba, na angeirudisha bila kupepesa macho, kama si ile namba iliyojitokeza kwenye mashine asubuhi ikamvuruga akili.

Pete yenyewe ilikuwa ndani ya kibakuli cha kioo juu ya meza ya maabara, imefunikwa, jirani na chupa za mafuta ghafi. Hata siku za raha hakuwa akiivaa kazini, maana glavu na pete havipatani. Lakini leo haikuwekwa pale kwa sababu ya glavu. Iliwekwa ili mwenyewe akija kikazi aione, aichukue, aende zake. Baba yake Binti Lami alishatoa neno kwenye simu, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Mwanangu, pale ulipodharauliwa mchana kweupe usirudi kuuliza kulikoni. Rudisha pete ya watu." Naye alijibu, "Ndiyo, baba." Alikuwa na hasira za kutosha kurudisha hata pete kumi.

Tatizo lilikuwa ile namba.

Mafuta ghafi, kwa asiyeyajua, ni mkusanyiko wa vitu vingi vinavyosafiri pamoja. Vile vyepesi ndivyo watu huvipigania: petroli, dizeli, mafuta ya taa. Chini kabisa hubaki kitu kizito, cheusi tii, ambacho hakuna anayekililia. Hicho ndicho kilichokuwa riziki na ugonjwa wa Binti Lami. Hakina umbo moja linalojulikana, kwa hiyo watu wa fani yake hukitambua kwa tabia tu. Ukikitia kwenye heptani, kimiminika chepesi kama maji, kinajitenga na kuzama. Ukikitia kwenye toluini, kimiminika kingine, kinayeyuka, kinatulia. Yaani unamjua kwa marafiki zake, na kwa wale ambao hawapikiki naye chungu kimoja.

Swali lililomkosesha raha lilikuwa dogo: chembe moja ya kitu hiki, moja tu, peke yake, ikoje? Ni kubwa au ndogo? Kwa miezi mashine yake ilikuwa ikimwambia ni kubwa, jitu la kutisha. Alisimama hata mbele ya mkutano wa wakubwa zake akaapa kwamba majitu hayo ndiyo yanayoziba mabomba. Asubuhi hii, kichwa kikiwa kwenye pete, alikosea akamimina toluini nyingi kupita kiasi. Sampuli ikapauka kama chai ya mtu bahili. Angeimwaga, ila roho ilimuuma kutupa kazi, akaipitisha kwenye mashine hivyo hivyo.

Uzito wa chembe ukaporomoka.

Akazidisha toluini kwa makusudi. Uzito ukaporomoka tena, kisha ukatulia mahali pamoja na kugoma kushuka. Binti Lami akakaa kwenye stuli, mkono mdomoni. Hapakuwa na majitu. Miezi yote hiyo alikuwa akipima vitu vidogo vilivyoshikana, na kwa sababu havikuachana alidhani ni kimoja.

Ugunduzi wa namna hiyo mtu hawezi kukaa nao kifuani. Ni lazima amwambie mtu. Na kati ya watu wote chini ya jua, yule ambaye angesikia akashtuka vizuri, akauliza swali linalostahili, ndiye yule yule aliyekuwa anakuja kuchukua pete yake. Hapo ndipo alipojionea huruma.

"Bomba wako yuko mapokezi," alisema Bi Mizani, akiingiza kichwa mlangoni. Bi Mizani alikuwa mtunzaji wa vipimo vya maabara, mama wa makamo, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyegusa mizani yake bila kushambuliwa kwa maneno.

"Si wangu."

"Haya, Bomba asiye na mwenyewe yuko mapokezi. Kaleta kopo la mashapo. Na kavaa shati lililopigwa pasi mikunjo yote, mpaka mifukoni. Mwanaume hapigi pasi mfuko kwa ajili ya mashapo."

"Mwambie aache kopo hapo hapo."

"Nimemwambia. Anasema kopo halimwachi." Bi Mizani akaingia mwili mzima sasa, akashusha sauti. "Mwanangu, mimi sikuingilii. Lakini kama unamwacha, mwache ukiwa umemtazama. Usimwache kupitia kwangu, mimi si karani wa posta."

Binti Lami akavuta pumzi. "Aje."

Tangu alipotoka kwenye kikao cha utambulisho nyumbani kwao Bomba hakuwa amepokea simu yake hata moja. Kikao! Kila akikikumbuka masikio yalimwaka moto. Sebule ilijaa watu: shangazi, dada watatu wa Bomba, majirani wawili waliojifanya wamepita tu. Mama yake Bomba alikaa kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha. Binti Lami alikuwa ametoka kazini, amejisugua, amejifukiza, amevaa gauni la kijani lililokuwa halijawahi kuvaliwa. Akapiga magoti, akasalimia. Yule mama akainama kumwitikia, kisha akaganda hapo hapo, pua ikitafuta.

"Unafanya kazi wapi, binti?"

"Maabara ya mafuta, mama."

"Hiyo harufu haitoki hata ukioga," alisema yule mama, mbele ya watu wote. "Kazi hiyo utaiacha. Mwanangu haoi mtu wa mafuta."

Mmoja wa dada akaangua kicheko na kusema, "Basi tumepata Binti Lami!" Sebule nzima ikacheka. Jina likanasa. Yeye mwenyewe, kwa ukaidi, aliporudi kazini alilitangaza kwa Bi Mizani ili lisije kumfikia kwa mlango wa nyuma. Lakini kilichomkata maini hakikuwa jina, wala yule mama. Ni Bomba. Bomba aliyekuwa akimwambia kwamba hajawahi kukutana na mwanamke wa kumpenda kwa namna tu anavyouliza maswali, alikaa pale akatazama zulia. Hakusema "mama, jamani". Hakukohoa hata kikohozi.

Akaingia sasa, kopo mkononi. Mrefu, macho yamezama kidogo, shati kweli limenyooshwa mpaka mifuko. Alikuwa mhandisi wa bomba la mafuta, ndiko lilikotoka jina lake, na walikutana pale pale, alipokuja mara ya kwanza na kopo la uchafu mweusi uliokwanguliwa ndani ya bomba lililoziba, akauliza, "Samahani, hiki ni nini, na kinatutakia nini?" Swali hilo la pili ndilo lililomwingia Binti Lami moyoni, na halikutoka.

"Habari za kazi," alisema Bomba.

"Nzuri. Weka hapo. Bandika lebo."

"Nimeshabandika."

"Vizuri."

Bomba hakuona pete, au aliiona akajifanya hajaiona. Badala yake akafanya kile alichokuwa akifanya kila mara anapoingia humo. Alisogea kwenye kabati kubwa la kioo la kuvutia mvuke, ambamo Binti Lami alishughulikia vimiminika vyake, akanyofoa kipande cha karatasi laini, akakishika mbele ya mwanya. Karatasi ikavutwa ndani, ikapepea kuelekea juu. Akaitazama kidogo, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mchezo huo ulishamtatiza Binti Lami tangu siku za mwanzo. Alidhani ni mikono isiyotulia, kama watu wanaobofyabofya kalamu. Leo ulimuudhi.

"Umemaliza kucheza?"

"Nimemaliza," alisema Bomba. Kisha akamtazama usoni, na Binti Lami akajuta kuvua miwani ya kinga mapema. "Kuna kitu kimetokea leo."

"Hakijatokea kitu."

"Una ile sura. Ile uliyokuwa nayo siku vile vikombe viwili vya mchanganyiko vilipokupa majibu tofauti. Unauma shavu kwa ndani."

Binti Lami akaacha kuuma shavu. "Nimekuita uchukue pete."

"Hukuniita, nimekuja mwenyewe. Lakini pete nimeiona." Akakitazama kibakuli. "Nitaichukua ukiniambia niichukue. Kwanza niambie kilichotokea. Tafadhali. Nisiondoke bila kujua."

Na hapo ndipo alipompata, maana hakuna ombi ambalo Binti Lami aliwahi kushindwa kulikataa kama la mtu anayetaka kujua. Alipambana na nafsi yake, akashindwa.

"Si majitu," alisema.

"Nini si majitu?"

"Haya. Mashapo yako. Nimekosea tangu mwanzo." Maneno yakaanza kumtoka mbio mbio, mikono ikafuata. "Nilikuwa nayapima yakiwa mengi kwenye toluini kidogo. Yana sehemu bapa katikati, sawa? Bapa hizo zinapendana, zinalaliana kama sahani kabatini. Mashine inapima kabati zima na kunipa jibu, na mimi naandika: sahani moja ina uzito huu! Leo nimeyachuja... hapana, nimeyapunguza makali, nimemimina toluini bila hesabu, kichwa hakikuwepo. Yakaachana. Kila moja peke yake, na ni dogo. Dogo kabisa!"

"Sasa mbona yanaziba bomba kama ni madogo?"

Binti Lami alitaka kumkumbatia. Hilo ndilo swali. "Kwa sababu hayaachani. Bomba lako haliyakuti peke yake hata siku moja. Ukali wote ule ni wa kundi. Moja lenyewe halina..."

Feni ya kabati la mvuke ilinguruma taratibu. Walitazamana, na mtazamo huo haukuwa wa mashapo tena.

"Endelea," alisema Bomba polepole.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Ulitaka kusema, moja lenyewe hujui likoje mpaka uliondoe kwenye kundi." Akavuta stuli, akakaa. Mikono yake mikubwa aliipanga magotini kama mtu anayesubiri sindano. "Na mimi umenipima mara moja tu, kwenye sebule ile."

"Nilikupima mwaka mzima!" Binti Lami alipandisha sauti. "Mwaka mzima nakuona mwanaume mwenye maneno yake na akili zake. Ndiyo maana iliniuma. Ukiwa na mimi una ulimi, ukiwa mbele ya mama yako unaufyata. Sasa yupi ni wewe? Nataka kujua kwa dhati, sikutanii. Leo hapa hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna dada wa kucheka. Uko peke yako. Kwa nini ulinyamaza?"

Bomba alitoa ile karatasi mfukoni, akaanza kuikunjua.

"Baba yangu alikuwa anasafisha matangi," alisema. "Yale makubwa ya mafuta ghafi. Yakikaukiwa, chini kunabaki tope jeusi, watu wanaingia na sepetu kulitoa. Hili hili unalolipima. Jioni alikuwa akirudi mama anamsugua mgongo uani kwa mafuta ya taa, halafu sabuni, halafu mafuta ya taa tena. Harufu haikutoka. Walikuwa wanacheka, mama anasema, 'Nimeolewa na pipa.' Siku moja aliingia tangini hakutoka. Nguo zake zililetwa kwenye mfuko. Mama aliufungia sandukuni na hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kulitaja sanduku, wala tangi, wala baba alivyokufa. Dada zangu wadogo hawajui. Wanajua aliugua."

Binti Lami akakaa kwenye stuli ya pili bila kujua amekaa.

"Ulipopiga magoti mbele yake na akainama," aliendelea Bomba, "niliona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka mpaka ikabidi aikalie. Wewe ulisikia dharau. Mimi niliona mwanamke aliyenusishwa mumewe. Ningefungua mdomo kukutetea, angeniuliza mbele ya watu wote kwa nini, au mimi ningesema kwa nini, na dada zangu wakajua baba alivyokufa. Nikatazama zulia."

"Ungeniambia mimi! Baadaye! Njiani!"

"Ningekuambia ungeacha kazi?"

"Nisingeacha ng'o."

"Basi. Nami sikutaka uache. Na sikutaka mama afe kwa hofu. Nikakwama."

"Ukakwama kama hilo bomba lako," alisema Binti Lami, na kicheko kikamtoka kikiwa kimechanganyika na machozi, hata akaona aibu. Akajifuta kwa mkono wa koti. "Na wewe je? Wewe unaogopa?"

"Kila siku."

"Mbona hujawahi kuonyesha?"

Bomba aliinua tu ile karatasi laini, iliyokunjamana, kati ya vidole viwili.

Binti Lami aliitazama. Kisha akalitazama kabati la mvuke na feni yake. Mwaka mzima wa vikaratasi! Kila Bomba alipoingia, kabla hata ya kuketi, alikuwa anahakikisha hewa inavutwa kule ndani, mbali na pua ya Binti Lami. Na yeye, mtafiti anayejidai hapitwi na kitu, alikuwa amemwona akifanya hivyo mara zisizohesabika, na hakuuliza hata siku moja. Moyo ulimjaa mpaka ukamuuma.

"Mpumbavu wewe," alisema kwa upole, na halikuwa tusi.

"Pete niichukue?"

"Iache hapo hapo. Sijamaliza kupima." Akasimama, akanyoosha koti. "Nataka nimwone mama yako. Peke yake. Bila shangazi, bila wale dada zako, na bila wewe."

Bomba akakuna kichwa. "Basi sijui utasema nini nikikuambia yuko kwenye gari."

"Gari gani?"

"Langu. Hapo nje. Asubuhi nilikuwa nafunga kopo jikoni, akalitazama. Halafu akaniuliza, 'Yule binti anajua kile kitu kina nini ndani?' Miaka yote hajawahi kusema hata nusu ya neno. Nikamwambia ndiye ajuaye kuliko wote. Akaenda kuchukua viatu."

Yule mama aliingia akiongozwa na Bi Mizani, ambaye kwa mara ya kwanza katika historia ya maabara hiyo aliondoka bila kusema kitu. Nje ya sebule yake yule mama alionekana mdogo. Mtandio ulikuwa umefungwa kwa kubana, na mkoba ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Pua ilipokutana na hewa ya mle ndani akasimama ghafla, akafumba macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akayafumbua. "Sikuja kuomba radhi. Nayo nitaomba, lakini siyo nilichojia."

"Karibu uketi, mama. Vaa miwani hii kwanza, ni sheria ya humu."

Mama akavaa miwani ya kinga juu ya mtandio, ikakaa upande, na Binti Lami akainyoosha. Akachukua kichupa kidogo rafuni, akakifungua. Ndani mlikuwa na unga mweusi wenye kung'aa.

"Huyu ndiye, mama. Tope lenyewe, likishatengwa na mafuta na kukaushwa."

Mama alikitazama kile kichupa kwa muda, kama anayetazama mtu aliyemwibia. Kisha akakisogeza puani kwa tahadhari. Akanusa. Akanusa tena.

"Hakinuki."

"Karibu hakinuki kabisa. Harufu ni ya vile vyepesi vinavyoambatana nacho."

"Nilikisugua miaka," alisema mama, "nikidhani ndicho kinachonuka." Akageuza kichupa kwenye mwanga. "Kina sura?"

Hilo swali! Binti Lami alihisi nywele zikimsisimka. Akafungua kompyuta, akatafuta picha aliyotumiwa na maabara nyingine yenye chombo ambacho yeye hakuwa nacho. "Hii ni chembe moja, mama. Moja tu. Haikupigwa kwa kamera, maana ni ndogo mno kwa mwanga. Kuna sindano nyembamba sana inaipapasa juu juu, kama kipofu anavyopapasa uso wa mtu, halafu mashine inachora ilichohisi."

Juu ya kiza kulikuwa na vipete vyeupe vilivyobanana, vyenye pembe sita sita, na pembeni vijimkia viwili vitatu vilivyopinda. Mama alikaribia hata miwani ikagusa kioo.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Kama ushanga," alisema mama. Sauti iliyofuata ilitoka mbali. "Ndicho kilichomuua?"

Binti Lami alijua kwamba jibu la kumfariji lingekuwa rahisi, na kwamba yule mama angelitambua kwa pua kama alivyotambua harufu. Akachagua kumwambia anachokijua.

"Hapana, mama. Hiki kizito hakina mbio za kumfikia mtu kifuani. Kinachoua ni hewa inayokaa juu yake. Haionekani. Kidogo inanuka kama yai viza, lakini ikiwa nyingi pua haiisikii tena. Tangi lilitakiwa kupulizwa hewa safi kabla ya mtu kuingia. Ninavyoona mimi, halikupulizwa."

"Pua haiisikii tena," mama alirudia. Vidole vilikuwa vimeubana mkoba mpaka vikapauka. "Basi niambie hili, kwa maana nimelala nalo miaka yote, na sina wa kumuuliza. Alihangaika? Aliita, na hakuna aliyemsikia?"

"Sikuwepo, mama, siwezi kuapa. Lakini hewa hiyo ikiwa nyingi, mtu huanguka kabla hajajua kinachomwangusha. Hapati nafasi ya kuita."

"Hakuita."

"Sidhani kama aliita."

Mama akaketi, mabega yakishuka polepole, kama mtu anayetua mzigo ambao mikono imeshausahau kuwa ni mzigo. Machozi yalikusanyika chini ya ile miwani ya kinga na hayakupata pa kutokea. Binti Lami akaivua kwa upole, akamfutia kwa karatasi laini. Alipomaliza alibaki nayo mkononi, akapata wazo.

"Njoo, mama. Shika hii hapa, mbele ya mwanya. Usiiachie."

Karatasi ikavutwa ndani, ikapepea juu. Mama akashtuka, akaikaza.

"Humo ndimo ninamofanyia kazi yote. Mikono ndani, pua nje. Hewa yote mbaya inaenda huko, haiji kwangu. Mwanao huja kuipima kila mara, kwa karatasi kama hiyo, na leo ndiyo nimejua kwa nini."

Mama aliirudisha karatasi nyuma, akaisogeza mbele tena, akaona inavutwa. Akarudia mara kadhaa. Binti Lami alimwona akiuma shavu kwa ndani, akatabasamu peke yake.

"Na hii inafanya nini humu?" Mama alikuwa ameona kibakuli.

"Ilikuwa inasubiri majibu, mama."

"Majibu yametoka?"

Binti Lami alitazama mlango. Kwenye kioo chake kidogo ulionekana upande wa uso wa Bomba, jicho moja na sikio moja, na nyuma yake mtandio wa Bi Mizani. Mwenye jicho lile alikuwa na roho mkononi.

"Yametoka," alisema. Akavua glavu, akanawa mikono, akajifuta, akanyoosha kidole. Mama akafunua kibakuli, akaipuliza pete kana kwamba ina vumbi, akamvisha. Haikusumbua kuingia. Kisha hakuuachia mkono. Aliuvuta, akamvuta na mwenyewe, akamlaza kichwa begani kwake, akaingiza pua kwenye nywele zake na kuvuta pumzi ndefu.

"Jioni pita nyumbani," alisema, sauti ikizama kwenye nywele.

"Nitapita, mama. Nikishaoga tu nakuja."

Mikono ya mama ikamkaza.

"Usioge, mwanangu. Njoo hivyo hivyo."